Usijaze sifuri mahali hujui

Kuna namba moja siwezi kuisahau: 38. Ndiyo niliyopata kwenye somo la takwimu nikiwa mwaka wa pili chuoni, na kama umepitia chuo hapa Kenya unajua 38 maana yake nini. Alama ya kupita ilikuwa 40. Umeanguka kwa alama mbili, utalipia mtihani wa marudio, na jina lako halipo kwenye orodha ya wanaovuka mwaka.

Sasa sikiza vizuri. Mtihani wa mwisho wa muhula ulikuwa wa alama 70, na CAT alama 30. Zile 38 zilikuwa za mtihani peke yake. CAT niliifanya, tena nikiwa nimeketi dirishani napigwa na jua, jamaa wa kando akiniomba rula kila dakika tano. Ila alama zake hazikuwahi kufika kwenye mfumo. Labda karatasi zilipotea, labda mhadhiri hakuziingiza, labda aliziingiza kwa jina la mtu mwingine. Ninachojua ni kwamba kwenye ile nafasi hakukuwa na kitu, na kompyuta ikaamua kuwa hakuna kitu ni sawa na sifuri. Sifuri jumlisha 38 ni 38. Feli.

Chuo sitakitaja. Hata wewe pengine una stori kama hii, ama binamu yako anayo. Kuna watu wamekosa kuvaa lile joho kwa sababu ya alama moja iliyopotea kabatini kwa mtu.

Na usiniambie ati kosa ni la mhadhiri tu. Mhadhiri alipoteza karatasi, sawa. Lakini kuna mtu mwingine, mahali fulani, aliyekaa mbele ya kompyuta akaandika hesabu inayosema: ukikuta nafasi tupu, weka sifuri. Huyo ndiye ninayemtafuta leo. Na nikimpata nitamsalimia kama ndugu, kwa sababu miaka michache baadaye nilikuja kumfanyia mtu mwingine kitu hicho hicho.

Kabla nikwambie hiyo, mfikirie mama mboga wa mtaani kwenu. Jumatatu ameuza Sh2,000 na ameandika kwenye daftari. Jumanne alifungua kibanda lakini mvua ilinyesha kutwa, hakuuza hata kitunguu. Jumatano hakufungua kabisa, alimpeleka mtoto kliniki. Alhamisi aliuza vizuri, ila daftari lilibaki nyumbani, hakuandika chochote.

Ukilifungua lile daftari Ijumaa, utaona Jumatatu ina namba na siku tatu hazina kitu. Lakini hizo siku tatu hazifanani hata kidogo! Jumanne ni sifuri halali: biashara ilikuwepo, pesa haikuingia. Jumatano swali lenyewe halina maana, huwezi kuuliza mauzo ya kibanda kilichofungwa. Alhamisi jibu lipo, tena ni zuri, ila hatulijui. Msee wa ripoti akija na haraka zake anaandika sifuri tatu, anagawanya Sh2,000 kwa siku nne, anasema mama huyu huuza Sh500 kwa siku. Akienda kuomba mkopo na karatasi hiyo, atapewa pesa ya kununua sukuma wiki ya siku moja.

Watu wa kompyuta waliliona tatizo hili zamani. Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi IBM, ndiye aliyeandika mwaka wa 1970 ile makala iliyozaa hifadhidata tunazotumia leo, zile za majedwali yenye mistari na safu. Mwaka wa 1979 akaeleza jinsi ya kuweka alama mahali ambapo thamani haipo. Kwenye SQL, lugha ya kuziuliza hifadhidata maswali, alama hiyo huandikwa NULL. Si sifuri, na si neno tupu. Ni kama mtu anayekwambia: hapa sina jibu, usinilazimishe.

Na NULL ina msimamo. Ukijumlisha 200 na NULL hupati 200, unapata NULL. Mwanzoni inaudhi, lakini fikiria. Nikikuuliza, "Una pesa ngapi ukichanganya hii mia mbili na zile zilizo kwenye simu ambayo imezima?" jibu la ukweli ni "sijui". Ukisema mia mbili umenidanganya.

Tena ukiiuliza kama NULL ni sawa na NULL, haikubali na haikatai. Watu wawili ambao hatujui nambari zao za kitambulisho, je, nambari zao zinafanana? Hatujui. Kwa hivyo hifadhidata ina majibu matatu, si mawili: ndiyo, la, na sijui. Ukiiomba ikuletee orodha, inakuletea wale waliopata "ndiyo" peke yao. Wa "la" na wa "sijui" inawaacha nje pamoja, kimya kimya.

Hapo ndipo watu hupotea. Chukulia chama kina wanachama 20. Unaomba orodha ya wanaoishi Kayole, unapata 6. Unaomba orodha ya wasioishi Kayole, unapata 11. Sita na kumi na moja ni 17. Wale watatu wameenda wapi? Hawajaenda popote, ni vile hawakujaza mahali wanapoishi. Si wa Kayole na si wasio wa Kayole. Kama ulikuwa unagawa unga wa msaada kwa orodha hizo mbili, watatu wamelala njaa na kila mtu ofisini anaapa kuwa hakuna aliyerukwa.

Mbaya zaidi ni pale unapouliza nani hayumo kwenye orodha fulani, mkitumia NOT IN. Unataka kujua ni wanachama gani hawajapokea zamu yao ya merigo. Orodha ya waliopokea ina majina saba na nafasi moja tupu, mtu alibonyeza vibaya. Hifadhidata inajiuliza: je, mwanachama huyu anaweza kuwa ndiye yule asiyejulikana? Inajijibu, sijui. Kwa kila mwanachama, sijui. Matokeo yake ni orodha isiyo na mtu hata mmoja. Mweka hazina anaangalia, anafurahi, anasema, "Kumbe kila mtu amepokea!" Nafasi moja tupu imekula zamu ya watu kumi na watatu.

Ukidhani haya ni mambo ya wasomi tu, muulize Joseph Tartaro, mtaalamu wa usalama wa mitandao wa California. Aliona ni mzaha mzuri kuandikisha gari lake na bamba lenye neno NULL. Kumbe kulikuwa na mfumo wa faini za maegesho ambao, askari akisahau kuandika nambari ya gari, ile nafasi tupu ilisomwa kama neno NULL. Faini za magari ya watu asiowajua zikaanza kumiminika kwake, hadi zikafika dola 12,049. Aliisimulia mwenyewe jukwaani Las Vegas mwaka wa 2019, watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, halafu nikanyamaza. Askari ndiye aliyekosa kuandika, lakini barua ya kudai pesa ikaenda kwa mtu mwingine.

Hilo ndilo linaloniuma kuhusu sifuri za kujazwa. Mtu anayetunza rekodi akikosa kuandika, pengo ni lake. Ni deni lake. Lakini akijaza sifuri, deni linahama, linamwendea yule aliyeandikwa. Mhadhiri hakuingiza alama, mwanafunzi akatumiwa bili ya marudio. Na anayehamisha hilo deni hata hajui, anadhani anasafisha ripoti.

Najua kwa sababu nilikuwa yeye.

Baada ya kuacha chuo (karo iliisha, tusidanganyane, ile bili ya marudio ilikuwa tu kifuniko cha sufuria) nilijifunza SQL kwa simu na kwa laptopu ya kukopa. Kazi yangu ya kwanza ya pesa ilikuwa chama cha boda boda mtaani. Wanachama 20, kila mmoja anatoa Sh200 kwa siku kupitia simu, na ukitaka mkopo wanaangalia siku 30 zilizopita: wastani wako ukiwa Sh150 kwenda juu unapewa, ukiwa chini ngoja. Siku usiyofanya kazi inahesabiwa pia. Hiyo ndiyo kanuni yao, na waliipiga kura wenyewe.

Nilitengeneza hifadhidata ndogo. Ripoti ya kwanza ilitoka na matundu. Salio la kila mtu lilikuwa michango kutoa faini, na kwa kuwa wengi hawakuwa na faini yoyote, safu ya faini ilikuwa NULL, basi na salio likawa NULL. Mwenyekiti akaitazama ile karatasi akasema inafanana na mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Watu wakacheka sana. Nikaenda nyumbani na aibu yangu.

Usiku huo nikakutana na COALESCE. Unaiambia: chukua thamani hii, na kama haipo, weka ile. Nikaandika COALESCE ya faini na sifuri, na salio likajitokeza lote. Na hapo nilikuwa sahihi kabisa, elewa. Mtu asiyepigwa faini ana faini ya sifuri, hakuna ubishi. Shida ni kwamba niliipenda hiyo dawa nikaipaka kila mahali. Kwenye michango nilikuwa nimepanga kalenda ya siku 30 upande wa kushoto na malipo upande wa kulia, na kila siku isiyo na malipo ilitoka tupu. Nikapaka sifuri. Ripoti ikapendeza, bana. Hakuna tundu hata moja. Mwenyekiti akanisifu mbele ya watu.

Mwezi uliofuata mzee mmoja wa chama akaomba Sh15,000. Alikuwa na mtoto wa kupeleka shule, na shule haikutaka kumpokea bila karo. Ripoti yangu ikasema: malipo 22, jumla Sh4,400, gawanya kwa 30, wastani Sh147. Shilingi tatu chini ya mstari. Akanyimwa. Hakuna aliyemchukia, hakuna aliyetaka rushwa. Kompyuta imesema.

Alinikuta stejini siku tatu baadaye, amesimama kando ya pikipiki yake, kofia mkononi.

"Kijana," akaniambia, "hiyo kompyuta yako inasema mimi si mtu wa kulipa?"

"Mzee, inasema tu kuna siku nane hukulipa."

"Nane? Gereji nilikuwa siku tatu. Zile zingine tano simu yangu ilikuwa imekufa, nikamlipa mweka hazina pesa taslimu. Kamuulize kama ana kitabu."

Alikuwa nacho. Kitabu kidogo cha jalada la buluu, mfuko wa nyuma wa suruali. Tarehe tano, Sh200 mara tano, na jina la mzee. Mweka hazina alikuwa akingoja "apate nafasi" ya kuniletea.

Fanya hesabu nami. Kwa sifuri zangu, wastani ulikuwa Sh147. Ningeacha zile nafasi tupu, hifadhidata ingegawanya Sh4,400 kwa siku 22 zilizojulikana ikatoa Sh200, mwanachama safi asiyekosa hata siku. Ukweli ulikuwa siku 27 za malipo na siku tatu za gereji, Sh5,400 kwa 30, yaani Sh180. Namba zote mbili ambazo kompyuta ingenipa zilikuwa za uongo. Moja inamwonea, nyingine inampendelea. Ya kweli ilikuwa kwenye mfuko wa suruali ya mtu.

Mzee alikuwa tayari amekopa kwenye programu moja ya simu. Riba yake sitaki hata kuitaja. Niliomba msamaha, akasema, "Sawa kijana, umejifunza." Wueh. Afadhali angenitukana.

Nasema haya kwa sababu kuna watu wa upande wa pili ambao wakisikia habari ya sifuri wanaruka: basi ziache tu hizo tupu, kompyuta itaziruka yenyewe. Ni kweli itaziruka. SUM inajumlisha zilizopo, AVG inagawanya kwa zilizopo. (Angalia vituko: kwa alama ya kujumlisha NULL inaharibu kila kitu, kwa SUM inarukwa kama haipo. Chris Date, mwandishi mkubwa wa vitabu vya hifadhidata na rafiki wa kazi wa Codd, alipinga NULL kwa miaka mingi, na kwa mambo kama haya unaona alikuwa na hoja.) Lakini kuruka si haki pia. Inategemea ni nani ameachwa nje.

Chukulia unauliza waendeshaji boda 20 walipata ngapi leo. Kumi na wawili wanakujibu na wastani wao ni Sh1,200. Wanane wanasema "tutaongea baadaye". Unadhani ni nani hao wanane? Mtu aliyepata Sh2,000 hanyamazi, anakuambia kabla hujauliza. Wanaonyamaza ni wale ambao siku imewapiga. Ukiandika kwenye ripoti kwamba boda wa hapa hupata Sh1,200 kwa siku, umewafuta wanane hao, na kesho mtu atasimama kwenye mkutano aseme mchango upande hadi Sh300 kwa sababu "data imeonyesha wanaweza". Sifuri inamwonea mtu mmoja mmoja. Kuruka kunawaonea wote waliokaa kimya kwa pamoja.

Kuna wale wengine ambao, kwa kuogopa sifuri, huweka namba ya ajabu. Kwenye data nyingi za hali ya hewa duniani, siku ambayo kipimo hakikusomwa huandikwa -9999, ili isichanganywe na siku ambayo mvua haikunyesha. Nia ni nzuri sana. Ila mtu asiyejua akipiga wastani bila kuziondoa, utaambiwa mvua ya mwezi huu ilikuwa chini ya sifuri, kana kwamba ardhi ilinyesha juu mawinguni. Angalau uongo huo unajitangaza. Sifuri inajificha katikati ya namba zenzake na kuvaa nguo zao.

Na wewe wa Excel usinicheke ati SQL haikuhusu. AVERAGE ya Excel huruka seli tupu na kuhesabu sifuri, kwa hivyo ukimwachia rafiki yako ajaze sifuri "ili ipendeze" umebadilisha wastani bila kugusa fomula. Tena ukiandika =B2 kwenye karatasi nyingine na B2 ni tupu, Excel inakuonyesha 0. Pengo limevuka mlango likageuka namba. Nimeona ripoti za harusi, za mazishi, za ada ya maji ya ploti, zote zimejaa sifuri za kuzaliwa hivyo, halafu jina la mtu linasomwa mbele ya mkutano kama asiyechanga.

Unajua ni nani anayelifanya hili vizuri kuliko vyuo vyetu? Baraza la mitihani, KNEC, ambalo hatuchoki kulilaumu. Kwenye KCSE, gredi A ina pointi 12 na E ina pointi 1. Mtu ambaye hakufanya karatasi hapewi E. Anapewa X. Aliyefutiwa matokeo kwa udanganyifu anapewa Y. X haitakupeleka chuo, sikatai, lakini haikusingizii kwamba uliketi, ukafanya, ukaanguka. Inasema kilichotokea. Hata Codd mwenyewe, kwenye kitabu chake cha 1990, alitaka alama mbili badala ya moja: moja ya thamani iliyopo ila haijulikani, kama Alhamisi ya mama mboga, na nyingine ya thamani isiyoweza kuwepo, kama Jumatano yake. SQL ikabaki na NULL moja ya kubeba yote, na ile kazi ya kutofautisha ikaachwa kwetu. Wengi wetu hatujaifanya.

Si kazi ngumu. Kwenye ripoti ya mzee yule ningehitaji vitu viwili tu. Cha kwanza ni safu ya kuonyesha mapengo: COUNT ya nyota inahesabu mistari yote, COUNT ya safu ya mchango inahesabu iliyojazwa peke yake, toa ya pili kwa ya kwanza unapata siku zisizojulikana. Nane. Namba hiyo moja, ikiwa kando ya jina lake, ingemfanya mtu yeyote mwenye akili aulize swali kabla ya kusema hapana. Cha pili ni mahali pa kuandika sababu: gereji, amelipa taslimu, haijaingizwa. Sifuri unaiandika baada ya kujua, si kabla.

Mabosi watasema hakuna wakati. Nimewasikia. Watasema mteja anataka ripoti safi, na mapengo yanaaibisha ofisi. Ndiyo, yanaaibisha, na yanaaibisha mtu anayestahili. Ile aibu niliyoipata kwa mwenyekiti na meno yake ya darasa la kwanza ilikuwa habari muhimu kuliko zote kwenye ile karatasi, na mimi nikaifuta kwa mstari mmoja. Kama una siku nane usizozijua kati ya 30, huna wastani wa kumnyimia mtu karo. Una kazi ambayo haijaisha.

Kwa vyuo ninachotaka ni kidogo zaidi hata ya hicho. Mfumo ukikuta CAT haipo, uandike "haijaingizwa" na unyamaze. Usijumlishe, usiseme feli, usitoe bili ya marudio hadi idara ijibu karatasi iko wapi. Mwanafunzi asiwe ndiye wa kuzunguka ofisi nne akiwa na daftari la kuthibitisha kwamba aliwahi kuwepo.

Na wewe unayesoma hapa, ambaye huenda hutawahi kuandika hata mstari mmoja wa SQL, utakutana na hizi namba tu. Nyota za dereva kwenye programu ya teksi. Kiwango cha mkopo ulichopangiwa na simu, wewe ambaye hujawahi kukopa popote, na kutokuwa na rekodi si sawa na kuwa na rekodi mbaya. Wastani wa mishahara kwenye tangazo la kazi. Ukionyeshwa wastani, uliza ni wa wangapi kati ya wangapi. Mtu akikosa jibu, hapo hapo umeshajua umekaa na ripoti ya aina gani.

Chama kile bado nakifanyia kazi. Ripoti ya sasa ina matundu, na mwenyekiti ameacha kucheka. Mwezi jana alisoma "siku zisizojulikana: 4" kando ya jina la dada mmoja anayeendesha boda ya umeme, akamgeukia mweka hazina, na mweka hazina akaanza kupapasa mfuko wa nyuma.

Juzi nikajaribu kuingia kwenye mfumo wa chuo, nione tu. Nenosiri langu bado linafanya kazi. Somo la takwimu, mtihani 38. CAT, 0.